Mtu Aliyetundika Mti Kichwa Chini

Jina lake sitalitaja. Hapa Ruashi, Lubumbashi, wengi wanamjua, na sitaki mtu aje kugonga lango langu kuniuliza nimemwandika nini. Nitamwita Mwalimu, kama nilivyomwita miaka yote aliyopanga vyumba viwili nyuma ya depo yangu. Yeye mwenyewe alipenda kuitwa Prof. Wanafunzi walimwita Prof, muuza mkate alimwita Prof, hata mke wangu alimwita Prof ili aone meno yake. Mimi nilikataa. Siku ya kwanza kabisa nilimuuliza, "Ku université, bamekupatia hicho cheo?" Akasema bado, kwa sasa yeye ni assistant, lakini karatasi ziko njiani. Nikamwambia, "Zikifika, utanionyesha." Sikuonyeshwa kitu.

Mimi ni mtu wa vyuma. Shule niliiacha kwenye mwaka wa tatu wa primaire, na sijawahi kurudi kuiomba radhi. Nilianza kwa kulala chini ya malori, nikiwapitishia makanika funguo, na leo nina depo ya vipuri vya malori makubwa, kando ya barabara kabisa. Madereva wa njia ya Kasumbalesa, kule mpakani, wananijua kwa kikohozi changu tu. Nasema hivi mapema ili msomaji asitafute hapa maneno ya kupambwa. Naandika nilichokiona.

Na nilichokiona ni hiki. Siku moja nilikuwa nimenyoosha mkono ili Mama Béa, mwanamke anayesimamia kaunta yangu, anirudishie ufunguo wa depo na aende zake. Ni mjane, watu wake wametoka kaskazini, na watoto wake wote wanakula kwa kaunta ile. Mwalimu akaingia, akasema maneno machache, na Mama Béa akabaki. Alisema kweli, ao alinichezea? Swali hilo lilinikaa kooni kwa miaka.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alifunga tai na kuvaa kandambili. Alifua mashati yake mwenyewe pale kwenye bomba, wanawake wa parsele, wa uwanja wetu, wakimcheka, naye akicheka nao bila kuacha kufua. Bukari, ugali wetu, alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Akipigiwa simu aliondoka, akaenda kuongea nyuma ya tanki la maji, na hilo mimi sikulipenda. Mtu mwenye maneno safi anaongea mbele ya watu. Mke wangu alisema, "Labda ni mwanamke." Nikasema mwanamke haongeleshwi kwa sauti ya kuhesabu.

Mwaka mmoja aliazima mwavuli wangu, akaupoteza, akanirudishia mwingine mzuri kuliko ule. Mwezi mzima niliutazama mwavuli ule pembeni mwa mlango, nikijiuliza anataka nini. Mvua ilininyeshea na sikuufungua.

Chumbani kwake hakukuwa na mpangilio wowote. Vitabu chini ya kitanda, soksi ndani ya sufuria, miwani aliitafuta ikiwa kwenye paji la uso wake. Lakini vitu vya wengine alitaka kuvipanga vyote. Nilimwambia, "Weye hupate hata kijiko yako, na unataka kupanga depo yangu?"

Akacheka kabla ya kujibu, ndiyo desturi yake. "Njo maana, Papa. Mwenye kupata kila kitu hawezi kusoma namna ya kutafuta."

Alikuwa na majibu ya namna hiyo. Ukiyasikia unafurahi, ukifika kitandani unaanza kuyashuku.

Shida ya depo yangu ilikuwa hii. Kila kipuri kina namba yake ya kiwanda, ndefu, na madereva wanakuja na namba wameiandika kwenye kiganja. Lakini vipuri havikukaa rafuni kwa kufuata namba. Kizito kilikaa chini, chepesi juu, kilichokuja mwisho kilikaa palipobaki nafasi. Kujua kitu kiko wapi, ilibidi uniulize mimi ao umuulize Mama Béa. Mwalimu alianza kunichokonoa: Watu wanauliza nini zaidi? Wanarudia kitu kile kile? Wiki ya mvua wanataka nini? Nilifikiri ametumwa na watu wa kodi. Kisha akasema, "Na siku Mama Béa iko mugonjwa, na weye Papa uko kwenye matanga?"

Alitaka kuniletea ordinateur, yaani kompyuta. Nikakataa. Kwanza courant, umeme wetu, inakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Pili, mashine inafuta kitu na hakuna alama ya mkono. Mimi nataka kuona mkono.

Basi akautundika mti.

Alikata vibati kutoka kwenye madebe ya mafuta ya injini. Kila kibati akakiandika namba ya kipuri na jina la rafu. Kila kibati kilikuwa na ndoano juu, na chini kilikuwa na matundu mawili, kushoto na kuume. Kibati cha kwanza kilining'inia kwenye boriti ya paa. Chini yake kushoto kilining'inia kibati chenye namba ndogo kuliko yake, na kuume chenye namba kubwa. Kila kimoja nacho kikashika watoto wake wawili kwa sheria ile ile, hadi chini. Upepo ukipita vililia vyote.

"Hii njo nini?"

"Ni mti, Papa."

"Mti gani mizizi iko juu?"

"Ku informatique inakuwaka vile."

"Ku informatique mvua inatoka chini?"

Wanafunzi wake walicheka. Walikuja siku za Jumamosi kusomea pale, na niliwahesabu wakiingia na wakitoka.

Kutafuta kulikuwa kwepesi, nakiri. Unaanza juu. Namba unayotaka ni ndogo? Nenda kushoto, na upande wote wa kuume umeuacha, huna habari nao tena. Ni kubwa? Nenda kuume. Kila hatua unatupa nyuma rundo zima la vibati bila kuvisoma. Mama Béa, ambaye anaimba alto katika kwaya ya parokia na ana masikio ya kushika, alijifunza kabla maharagwe ya mke wangu hayajaiva.

Hadi hapo nilikuwa sawa. Kilichonitia wasiwasi ni kilichofuata. Mwalimu alisema mti huu haubaki ulivyo. Ukimaliza kutafuta kibati, unakipandisha hadi kileleni. Kila mara. Hata kama ulitaka kukitazama tu.

"Juu ya nini?" nikataka sababu.

"Juu kitu chenye muntu ameuliza leo, kesho kitaulizwa tena. Basi kikae karibu na mulango. Mti unajipanga yenyewe, Papa, kufuata bantu banataka nini."

"Hakuna kitu inajipangaka," nilimwambia. "Mwenye kusema vile, anaficha mukono."

Akanionyesha mkono. Mtoto anachukua nafasi ya mzazi wake, na mzazi anashuka kuwa mtoto wake. Kama mtoto alikuwa kushoto, basi mzazi anashuka upande wake wa kuume, kwa kuwa namba ya mzazi ni kubwa. Lakini tundu lile la kuume la mtoto lilikuwa tayari na mwenyewe, mjukuu wa katikati, na sasa huyo alikuwa mikononi mwa Mwalimu akilia kling kling hewani.

Nikauliza, "Huyu mutoto unamupeleka wapi? Umemunyanganya mama yake."

"Haendi mbali. Namba yake iko katikati ya hawa bawili. Alikuwa ku kuume ya mwana, sasa atakuwa ku kushoto ya baba. Ona, hakuna sheria imevunjika. Kushoto badogo, kuume bakubwa, vile vile tu."

Nilitazama muda mrefu. Nilitafuta kosa kwa macho yangu yote mawili na sikuliona, na hilo nalo halikunipendeza.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo aliyoisema zaidi ya zote, hata nje ya depo, hata akichotea maji: "Kama beko mustari moja, anza na babu." Maana yake, kama mtoto, baba na babu wote wamenyooka upande mmoja, usimgeuze mtoto kwanza. Mgeuze baba juu ya babu, ndipo umgeuze mtoto juu ya baba. Wakiwa wamepinda, mmoja kushoto na mwingine kuume, hapo mtoto anapanda mwenyewe mara mbili. Siku moja Mama Béa alikuwa na haraka, akampandisha mtoto peke yake, hatua kwa hatua, hadi juu. Kibati kikafika. Mimi nikaona kazi nzuri. Mwalimu aliruka kama aliyekanyaga msumari.

"Kimefika, ndiyo! Lakini angalia nyuma yake. Umeacha mustari murefu vile vile. Ukianza na babu, njia yote inakunjika nusu. Wale bote benye walikuwa mbali, banakuya karibu pamoja na yeye."

Nikamuuliza swali ambalo hakutegemea. "Unaanza na babu juu ya heshima, ao juu ya kumushusha mbio?"

Mimi ni babu. Nina vijana wawili wanaoniuliza kila Idi kama sijachoka. Mwalimu aliniangalia, akaacha kucheka. "Anashuka, Papa. Lakini siku wanamuuliza, anapanda tena hadi juu. Hapa hakuna mwenye kusahauliwa, ila mwenye hawamuulize."

Tangu siku ile nikawa na tabia ya kuingia kaunta kila asubuhi na kuuliza jambo.

Nitasema haki: mti ulifanya kazi. Wiki ya mvua madereva wanataka vya breki, na vya breki vilipanda juu wenyewe, Mama Béa alivikuta kwenye usawa wa pua yake. Mvua zikaisha, vumbi likaja, filtre, yaani machujio, zikapanda na breki zikashuka bila mtu kutoa amri. Mteja mmoja wa kampuni ya mizigo alichukua kitu kile kile siku baada ya siku, na kibati chake hakikuondoka kwenye boriti. Nilipenda. Lakini nilipenda kama unavyompenda mkwe mwenye gari: kwa jicho moja.

Maana kulikuwa na siku mbaya pia. Mara moja Mama Béa alifanya hesabu ya depo yote, akipita kibati kwa kibati kutoka namba ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, na kila alichokigusa alikipandisha, kama alivyofundishwa. Nilirudi nikakuta mti umekwisha kuwa kamba. Kibati chenye namba kubwa kabisa juu, na wengine wote wananing'inia kushoto, mmoja chini ya mwingine, kamba imelala sakafuni kama nyoka aliyeshiba.

"Mwalimu! Kuya uone mti yako! Imekufa!"

Alikuja na povu la sabuni mikononi. Wakati ule ule dereva akauliza kitu, na kwa bahati yake mbaya kilikuwa namba ndogo kabisa, mwisho wa kamba. Mama Béa alipiga magoti. Dereva aliuliza kama tunatafuta kipuri ao tunavua samaki. Lakini Mwalimu alimwongoza kukipandisha, wawili wawili, kuanza na babu, na kilipofika boritini niliona kwa macho yangu: kamba ilikuwa imejikunja karibu nusu ya urefu wake. Wateja wachache baadaye ikawa mti tena.

"Usipime siku moja," aliniambia akijifuta povu. "Siku moja inaweza kukutoa jasho. Pima siku zote pamoja. Leo jasho ya Mama Béa imenyoosha njia ya kesho."

Nikamwambia maneno yale yale husemwa na kila fundi aliyeharibu ukuta.

Na namna ya kukitoa kibati mtini ilinishangaza kuliko zote. Kipuri kisichotakiwa tena, cha malori ya zamani, hakichomolewi kule chini kilipo. Kinapandishwa kwanza hadi kileleni, kama bwana harusi. Hapo juu ndipo kinaondolewa, na miti miwili inabaki, wa kushoto na wa kuume. Unampandisha mkubwa wa upande wa kushoto, na kwa kuwa hana mkubwa zaidi upande wake, mkono wake wa kuume uko mtupu. Hapo unatundika mti wa pili. Nilisema, "Basi kwa hii mti yako, ukiona muntu anapanda sana, umuhurumie."

Ndipo nilipogundua kitu ambacho Mwalimu hakuniambia. Kama kila kinachoulizwa kinapanda, basi kilicho juu ndicho kilichoulizwa mwisho. Mti ule ulikuwa mpelelezi wa bure! Nikaanza. Jioni nikiondoka naangalia kibati cha juu, asubuhi nikija naangalia tena. Sikumwambia mtu. Kwa muda mrefu kila kitu kilikubaliana na mauzo.

Kisha ikaja Jumamosi ya matanga ya jirani yangu. Niliondoka mchana, na juu ya mti kulikuwa na kibati cha filtre ya mazout, chujio la dizeli. Mama Béa alibaki kufunga. Jumapili hatufungui. Jumatatu naingia, yeye anafagia, nainua macho: kibati cha injecteur.

Injecteur, kile kinachopuliza mafuta ndani ya injini, ni kipuri cha bei. Na hapa kwetu wizi wa kipuri cha bei haufanywi kwa kukiondoa. Unakitoa cha kweli, unaweka cha bandia ndani ya boksi lile lile, na boksi linakaa rafuni likikutazama bila aibu. Nilifungua maboksi. Yalikuwapo yote. Nikageuza vyuma mwangani, na kadiri nilivyovitazama ndivyo vilivyozidi kufanana na bandia.

"Mama Béa. Samedi, nani aliuliza injecteur?"

"Hakuna mukiliya, muteja hata moja, aliuliza injecteur, Papa."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Hakuna."

"Na juu ya mti iko nini?"

Akainua macho. Nikaona uso wake ukibadilika, na mimi nikiona uso unabadilika sihitaji tena shahidi. Nikanyoosha mkono. "Ufunguo."

Hakulia. Aliegemeza ufagio ukutani taratibu, akaanza kufungua fundo la kitenge alimofunga ufunguo. Fundo lilikuwa gumu. Akasema tu, "Papa, mwaka wa masomo njo umeanza." Ada za watoto wake. Nikasema nimesikia. Ufunguo ukafika mkononi mwangu, ukiwa bado na joto lake.

Hapo Mwalimu akaingia kwa mlango wa nyuma, tai shingoni, kandambili miguuni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Papa, ile kibati haisemi kama muntu aliuliza injecteur."

"Weye njo ulisema! Chenye wanauliza kinapanda!"

"Na kama wanauliza chenye hakiko?"

Nikarudisha macho kwenye kibati.

"Unashuka," akasema, "kushoto, kuume, kushoto, unafika pa tundu haina kitu. Namba haiko. Basi yule wa mwisho mwenye uligusa, jirani yake, njo unapandisha. Ni sheria. Maana kama muntu anakuya kila siku kuuliza kitu chenye hakiko, na jirani yake iko chini kabisa, utashuka kila siku bule. Ukimupandisha, kesho utasema hapana mbio mbio."

"Hiyo sheria umeitunga sasa hivi, pale mulangoni."

"Papa, jaribu."

"Nitajaribu. Na weye usiseme neno. Na mama huyu asiseme neno."

Niliwaita madereva wawili waliokuwa nje wakinywa chai, wawe macho yangu. Nikatunga namba kichwani mwangu, namba isiyokuwapo duniani, nikamwandikia Mama Béa kwenye boksi. Alienda mtini. Alishuka, kushoto, kuume, midomo ikicheza bila sauti. Akafika kwenye kibati cha chini, akagusa tundu tupu. Akageuka kunitazama. Sikumpa uso wowote. Basi akakishika kile kibati cha mwisho, akakipandisha, baba juu ya babu, yeye juu ya baba, hadi boritini. Kilikuwa kibati cha joint ya culasse, gasketi ya kichwa cha injini, ambayo hakuna mtu alikuwa ameitaja siku ile. Nikamwambia aitafute tena namba ile ile ya uongo. Safari hii alishuka kidogo tu, akagonga tundu tupu, akasema, "Haiko."

Dereva mmoja akasema, "Vié, mzee wangu, hapo amekushinda." Nikamwambia chai yake inapoa.

Nikamgeukia Mwalimu. "Sawa. Sheria iko kweli. Lakini sheria ya kweli, hata muongo anaweza kuitumia. Nani aliuliza?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Samedi, Papa, bantu banaulizaka bintu mingi."

"Mama Béa?"

Alitazama ufagio. "Kibati hakikupandishwa na mukiliya wa injecteur. Hiyo njo najua."

Nikamrudishia ufunguo. Sikumrudishia moyo. Nilibadilisha kufuli ya kabati la injecteur, na ufunguo wa kufuli ile unalala kwenye mfuko wangu hadi leo. Mwalimu naye nilianza kumsalimu kwa mkono mmoja. Mwaka haukuisha akahama, bila kelele, mti akatuachia. Msimu ule ule mfanyabiashara wa ng'ambo ya barabara, mshindani wangu, alileta pompi za maji za malori mapya ambazo mimi sikuwa nazo, na madereva wangu wakavuka barabara mbele ya macho yangu. Nililaani soko, nikaendelea.

Mwaka huu kontena langu lilikwama Kasumbalesa. Nilikwenda mwenyewe, maana mtu ukimtuma anarudi na hadithi. Malori yamelala barabarani, wabadilisha pesa wanakuita mkubwa kabla hawajakuona uso, na kwenye ofisi ya déclarant mmoja, wakala wa forodha, nyuma ya ordinateur, namwona mtu mnene amefunga tai. Nikatazama chini ya meza. Viatu.

"Papa!" akasimama. "Papa mwenyewe!"

"Karatasi za Prof zilifika?"

Akacheka kwanza. "Zilichoka njiani."

Aliniandalia mafaili yangu, nisidanganye, kwa haraka na kwa heshima. Kisha tukaenda kula bukari kwa mama mmoja anayepika nyuma ya maegesho. Safari hii alikaa chini. Nilimwacha ale kidogo. Ndipo nikamwambia, "Ile samedi ya matanga. Nani?"

Hakuuliza Jumamosi gani. Aliweka tonge chini.

"Miye."

Nikasogeza sahani yangu pembeni.

"Muntu wa ng'ambo ya barabara njo alinipigia simu. Alitaka kujua kama uko na pompi ya maji ya malori mapya. Alinipatia namba. Nilitaka nimutengenezee mti yake na yeye, nilitaka anipende. Niliingia, nikatafuta. Haikuwa. Jirani yake ya namba ilikuwa injecteur."

"Ungetazama tu na kwenda. Nani angejua? Juu ya nini ulipandisha?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua. "Kutafuta bila kupandisha, Papa? Ningeacha mti mubaya."

Nimekutana na watu wengi wa kunidhuru. Huyu ndiye wa kwanza aliyeingia kunipeleleza, kisha akanifagilia nyumba kabla ya kutoka, akaacha ufagio mlangoni. Sikujua nicheke ao nimmwagie mboga.

"Na ukaacha nimufukuze yule mama?"

"Nilikuya, Papa. Nilisema sheria."

"Ulisema sheria. Jina hukusema."

"Jina sikusema," akakubali, na akala polepole kama mtu aliyepewa adhabu ya kula.

Niliondoka pale kichwa juu. Miaka yote nilikuwa nimemshuku, na nilikuwa na haki! Njia nzima ya kurudi Lubumbashi nilimsimulia dereva wangu, mara ya pili kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Nilifika depo nikiwa na vumbi, sikupita hata nyumbani. Mama Béa alikuwa anapanga mikaba, mikanda ya injini, kwenye misumari.

"Mama Béa, ile siku ya injecteur. Nimepata muntu. Ni Mwalimu njo alishika mti."

Hakugeuka. "Najua, Papa. Nilikuwa pa mulango wa nyuma, nanawa miguu. Nilimuona."

"Ulimuona! Na ulinyamaza? Ufunguo umekwisha kutoka mu kitenge, na ulinyamaza?"

Sasa akageuka. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ningesema Mwalimu, ungesema namusingizia juu ya kujiponyesha. Ungetufukuza bote wawili. Yeye alikuwa na sheria ya kukuonyesha. Miye nilikuwa na mudomo tu. Na mudomo yangu, Papa, uliisha kuiamini hata siku moja?"

Nilifungua kinywa nimwambie si kweli. Wakati ule ule dereva mmoja akaingia na namba kwenye kiganja, anataka mkaba wa feni. Na mimi, ambaye siku hizi sihudumii tena mteja yeyote, nikaushika mkono wa dereva yule, nikasoma namba yake, nikaenda mtini kumtafutia mwenyewe, ili nisimtazame Mama Béa usoni.